Neno Alifanyika Mwili: Mwongozo Kamili wa Kumweleza Jirani Mwislamu, na Mhindu Pia

Mazungumzo haya huvunjika mahali palepale kila mara. Mkristo anaulizwa, "Nyinyi mnasemaje Mungu ni mtu?" Anajibu haraka, "Yesu ni Mungu." Msikilizaji anaelewa kwamba mtu mmoja aliyezaliwa Bethlehemu alipandishwa cheo hadi akawekwa kando ya Mwenyezi Mungu. Kwake hiyo ni shirki, yaani kumshirikisha Mungu na kiumbe. Mkristo anayeijua imani yake naye angeikataa. Basi wanakesha wakibishana juu ya fundisho ambalo si la yeyote kati yao.

Kosa liko kwenye mpangilio. Imani ya umwilisho, yaani Neno la Mungu kutwaa mwili, haimpandishi mtu juu. Inaanza kwa Mungu na inashuka mpaka horini. Ukianzia horini, umeshakwama.

Lengo la hatua zifuatazo ni moja: msikilizaji aweze kueleza kwa maneno yake kile Wakristo wanachoamini, bila kukosea. Kama ataamini au hataamini, hilo haliko mikononi mwako, na ukilishika litakuharibia hata maelezo.

## Vitu vya kuandaa

Biblia mbili za tafsiri moja. Union Version inafaa kwa sababu ndiyo inayojulikana zaidi, na mistari iliyonukuliwa hapa inatoka humo. Mbili, ili kila mmoja asome mwenyewe. Usilete ile uliyoijaza wino mwekundu na kukunja kurasa. Waislamu wengi wanaona huko ni kukidharau kitabu. Usiiweke chini, hata kama mmekaa mkekani.

Kurani usilete yako. Likija suala la aya, mwombe mwenyeji afungue msahafu wake au tafsiri anayoiamini yeye, iwe ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy au nyingine. Ukija na tafsiri yako, dakika 20 za kwanza zitaishia kwenye ubishi wa nani katafsiri.

Karatasi moja na kalamu. Utachora safu mbili katika hatua ya nne.

Vifungu sita, uvijue mahali vilipo bila kupekua: Kumbukumbu la Torati 6:4, Yohana 1:1-18, Marko 4:35-41, Wafilipi 2:6-8, Waebrania 2:14-17, Luka 24:39-43. Sita vinatosha. Mwenye vifungu 40 husoma tu, haelezi.

Saa moja na nusu isiyo na haraka. Baada ya Isha ni bora kuliko baada ya Alasiri, maana Magharibi huingia mkiwa katikati ya jambo. Ijumaa mchana usijaribu.

Msiwe na watazamaji. Wakiwepo watu watano barazani, jambo limeshakuwa mhadhara, na kwenye mhadhara hakuna anayeweza kusema "hapo sijakuelewa, rudia" bila kuonekana ameshindwa. Mwanamume azungumze na mwanamume, mwanamke na mwanamke, isipokuwa ni watu wa nyumba moja.

Mlioko Omani, Imarati na nchi nyingine za Ghuba: kuhubiri dini nyingine kwa Waislamu hadharani kunaweza kukuingiza katika mkono wa sheria. Jibu ulichoulizwa, papo hapo, kwa mdomo. Usigawe vitabu wala usitume vipande vya video kwenye makundi ya kazini.

## Hatua ya 1: Muulize amesikia nini

Kabla hujaeleza chochote, sema: "Nieleze wewe kwanza, Wakristo tunaamini nini kuhusu Nabii Isa?" Kisha nyamaza, usimkatize hata akikosea. Andika anachosema.

Kwa kawaida utapata moja au zaidi kati ya haya:

- Mungu alimwoa Mariamu au alilala naye, wakapata mtoto.
- Utatu ni Mungu, Mariamu na Isa.
- Mungu aligeuka kuwa mtu, hivyo mbinguni pakabaki patupu.
- Isa alikuwa nabii tu, wakubwa wa kanisa ndio waliompigia kura awe Mungu kwenye mkutano wao kule Nikea mwaka 325.

Sababu ya kuanza hivi ni kwamba kila kosa lina dawa yake. Anayedhani Mungu alioa hatasikia neno lolote la Yohana 1 mpaka hilo liondoke. Si jambo geni: karibu mwaka 781 huko Baghdad, Khalifa al-Mahdi alipoketi na Patriaki Timotheo wa Kwanza, mkuu wa Kanisa la Mashariki, alianza na swali hilihili la Mungu kuoa na kuzaa.

Dalili kwamba hatua imefaulu: una orodha ya mambo mawili au matatu mahususi, na yeye ameona kwamba hujaja kumhubiria.

## Hatua ya 2: Kanusha mnachokikataa wote wawili

Sema waziwazi, kwa sauti, mambo matatu: Mungu ni mmoja tu. Mungu hana mke. Mungu hakumzaa Yesu kwa njia ya kimwili, na Mariamu si sehemu ya Mungu.

Fungua Kumbukumbu 6:4, "Sikiza, Ee Israeli, BWANA, Mungu wetu, BWANA ndiye mmoja," kisha mwonyeshe katika Marko 12:29 kwamba Yesu mwenyewe aliurudia mstari huu alipoulizwa amri iliyo kuu.

Wakristo wengi huiruka hatua hii kwa kudhani kwamba kukubaliana ni kusalimu amri. Kinyume chake, usipokanusha wewe mwenyewe, kila neno "Mwana" utakalotamka baadaye litapokelewa kwa maana ya ndoa. Sura ya al-Anaam 6:101 inauliza Mungu atakuwaje na mwana ilhali hana mke. Jibu la Mkristo kwa swali hilo ni kwamba hana mke, na uwana tunaousema hauhusu mke.

Tahadhari kuhusu mfano wa "mwananchi". Unapendwa sana: mwananchi hakuzaliwa na nchi, kwa hiyo Mwana wa Mungu si wa kuzaliwa. Unaondoa fikra ya ndoa, ni kweli, lakini unakuacha na Yesu ambaye ni "mwana" kwa namna ya kusema tu, na hiyo si imani ya Nikea. Utumie kubomoa, usiutumie kujenga.

Dalili ya kufaulu: anasema, "Kumbe nanyi mnasema hivyo?" Wengine hawaamini na wanakuomba uonyeshe tena. Onyesha tena.

## Hatua ya 3: Anza na Neno

Sasa fungua Yohana 1 na msome kwa zamu. Mstari wa 1: "Hapo mwanzo kulikuwako Neno, naye Neno alikuwako kwa Mungu, naye Neno alikuwa Mungu." Mstari wa 3: vyote vilifanyika kwa huyo. Hapo hakuna Bethlehemu bado, hakuna mtoto, hakuna mwili. Kaa hapo kidogo. Kisha ruka mpaka 14: "Naye Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu."

Eleza hivi: Mungu hakuwahi kuwa bila Neno lake. Neno hilo halikuumbwa, kwa sababu kila kilichoumbwa kiliumbwa kwalo. Aliyezaliwa na Mariamu ni Neno hilo, akiwa ametwaa ubinadamu. Kwa hiyo tunaposema "Mwana wa milele" hatusemi juu ya usiku ule wa Bethlehemu. Tunasema juu ya Neno aliyekuwako kabla ya kuwako usiku wowote. Kanuni ya Nikea inalisema hilo kwa maneno matatu: "aliyezaliwa bila kuumbwa".

Hapa ndipo wengi hukimbilia an-Nisaa 4:171, ambapo Isa anaitwa neno la Mwenyezi Mungu na roho itokayo kwake. Tumia aya hiyo kwa uangalifu mkubwa. Aya hiyohiyo inawakataza watu wa Kitabu wasiseme "watatu". Wafasiri wa Kiislamu huelewa "neno" kuwa ni amri ya "Kuwa!", na wataunganisha na Aal-Imran 3:59, ambapo Isa anafananishwa na Adamu aliyeumbwa kwa udongo kisha akaambiwa "Kuwa!". Ukisema "Kurani yenu inakiri Yesu ni Mungu," umemsingizia, na yeye analijua hilo. Sema badala yake: "Wote wawili tunamwita Neno. Nyinyi mna maana ile. Ngoja nikueleze maana tuliyo nayo sisi."

Hoja nyingine inayotumiwa sana ni ya kulinganisha na Kurani yenyewe: kama maneno ya Mungu ya milele yanaweza kuwa kwenye karatasi na wino bila kuacha kuwa ya Mungu, basi Neno lake kutwaa mwili si jambo la kichekesho. Kwa Sunni hoja hii ina uzito, maana Ahlu Sunna hufundisha kwamba Kurani kama maneno ya Mungu haikuumbwa. Lakini jua unazungumza na nani. Kwa Ibadhi (mfuasi wa madhehebu ya Kiislamu yaliyoenea Omani) wa Unguja au Maskati inaweza kudondoka palepale: Mufti Mkuu wa Omani, Sheikh Ahmed bin Hamad al-Khalili, ametetea kwa maandishi kwamba Kurani imeumbwa. Shia Ithnaasheri naye hatakubali kwamba ni ya milele. Uliza kwanza. Mtu anayeitoa hoja hii kwa Ibadhi hujiona amefunga goli, kumbe mpira uko nje ya uwanja.

Dalili ya kufaulu: maswali yake yanabadilika kutoka "Mtu anakuwaje Mungu?" hadi "Kwa nini Mungu afanye hivyo?" Usiende mbele mpaka uone badiliko hili.

## Hatua ya 4: Alitwaa, hakugeuka

Hii ndiyo hatua ndefu, na ndiyo inayohitaji karatasi.

Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Kalkedonia wa mwaka 451 uliweka uzio wa pande nne: asili mbili, ya Kimungu na ya kibinadamu, katika nafsi moja, bila kuchanganyika, bila kubadilika, bila kugawanyika, bila kutenganishwa. Huna haja ya kulitaja jina la mtaguso. (Jirani yako akiwa Mhabeshi wa Tewahedo, kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia, afadhali usilitaje: kanisa lake halikuukubali, ingawa nalo linakiri kwamba Yesu ni Mungu kweli na mtu kweli.) Ila mifano yako yote ipime kwa uzio huo, kwa sababu mingi iliyozoeleka huuruka:

- Mfalme aliyevaa nguo za maskini ili atembelee raia. Huyo hakuwa maskini, alijifanya. Msikilizaji ataelewa kwamba mwili wa Yesu ulikuwa vazi la kuazima.
- Maji, barafu na mvuke. Hapo Mungu anabadilika sura, akiwa hiki si kile. Ndiyo njia ya kuelekea "mbinguni palibaki patupu".
- Chai ya maziwa. Si chai tupu wala maziwa matupu, bali kitu cha tatu. Yesu si nusu Mungu na nusu mtu.
- Mpangaji ndani ya nyumba. Hapo kuna wawili: mtu Yesu, na Mungu anayekaa ndani yake. Manabii wote wangeingia humo.

Wa kutumia ni mmoja, nao ni wa mababa wa kanisa: chuma ndani ya moto. Chuma kinawaka na kuunguza kama moto, lakini bado ni chuma. Moto haujageuka chuma. Hata huo una mwisho wake, kwa hiyo useme mara moja kisha urudi kwenye Injili.

Chora mstari katikati ya karatasi. Kushoto andika "Kama mtu", kulia "Kama Mungu". Fungua Marko 4:35-41. Ni jioni, wanavuka ziwa, tufani inaingia chomboni hadi kinaanza kujaa. Yesu yuko "katika shetri", yaani nyuma ya chombo, "amelala juu ya mto". Andika kushoto: *amechoka, analala*. Wanamwamsha: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Anaukemea upepo na kuiambia bahari, "Nyamaza, utulie," na inakuwa shwari kuu. Andika kulia: *bahari inamtii*. Kisha uliza: waliokuwa chomboni ni Yesu wawili au mmoja? Ni mmoja. Aliyelala ndiye aliyeamuru.

Atakujibu, na ana haki, kwamba manabii hufanya miujiza kwa idhini ya Mungu. Musa naye alipasua bahari. Usiseme hilo halina maana. Mwonyeshe tofauti iliyomo kwenye maandishi: katika Kutoka 14 Musa ananyoosha mkono na BWANA ndiye anayeirudisha bahari, katika Marko 4 Yesu haombi wala hataji jina la mwingine, na wanafunzi wenyewe wanabaki wakiulizana, "Ni nani huyu, basi, hata upepo na bahari humtii?" Kisha msome Zaburi 107, mstari wa 23 hadi 30, inayosema ni nani hutuliza dhoruba. Mwache alinganishe mwenyewe.

Endeleza safu kwa mifano miwili mingine: analia kaburini kwa Lazaro (Yohana 11:35) na kumwita atoke (11:43), amechoka na ana kiu kisimani (Yohana 4:6-7) na anaahidi maji ya uzima (4:14).

Dalili ya kufaulu: anaweza kuonyesha kwa kidole kwenye karatasi kipi ni kipi, na kusema ni mtu mmoja yuleyule.

## Hatua ya 5: Eleza sababu

Sababu ya kwanza ambayo Mkristo huitaja ni dhambi, na hapo hujikwaa. Uislamu haufundishi dhambi ya asili, na al-Anaam 6:164 inasema hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwenzake. Ukianza na kafara utakuwa na ubishi mpya kabla ya kumaliza wa kwanza.

Anza na Yohana 1:18: hakuna aliyemwona Mungu, Mwana ndiye aliyemfunua. Wakristo wanaamini kwamba Mungu hakuleta tu ujumbe na amri, alijileta mwenyewe ajulikane. Halafu nenda Waebrania 2:14-17: alishiriki damu na mwili ili aipitie mauti na kuivunja kutoka ndani. Gregori wa Nazianzo, askofu wa karne ya 4, aliifupisha sababu hii kwa kusema kwamba kisichotwaliwa hakikuponywa. Ndiyo maana hatukubali mwili wa bandia: kama Yesu hakuwa na akili, hofu na mauti ya kibinadamu, hivyo vyetu vimebaki kama vilivyokuwa.

Habari ya msalaba, ambao an-Nisaa 4:157 inaukana, iwekee siku yake.

## Hatua ya 6: Maswali yatakayokuja

Nani aliendesha ulimwengu Yesu akiwa tumboni? Mungu yuleyule. Neno alitwaa ubinadamu bila kuacha alivyokuwa. Hakufungiwa ndani ya mwili.

Alikuwa akimwomba nani? Mwana alimwomba Baba, akiwa mtu kweli. Mtu asiyeomba angekuwa mtu wa bandia. Hapa Utatu unabisha hodi. Mwambie ni mada inayofuata, usiimalizie mlangoni.

Hakuijua siku ya mwisho (Marko 13:32). Mstari huu upo kweli, usiuzunguke. Weka kushoto kwenye karatasi: alikuwa na akili ya kibinadamu, na Luka 2:52 inasema alizidi kuendelea katika hekima na kimo.

"Mungu si mtu" (Hesabu 23:19). Mstari unaendelea: "aseme uongo". Unasema Mungu hadanganyi wala hageuki kama watu. Nasi tunasema hakugeuka, alitwaa.

Alikula na kwenda haja, itakuwaje Mungu? Al-Maida 5:75 inataja kula kwake na mama yake. Jibu ni ndiyo, alikula, na alipatwa na yote ya mwili isipokuwa dhambi. Usione haya. Ukionyesha haya, umekubali kwamba mwili ni uchafu usiomstahili Muumba wake.

Wapi alisema, "Mimi ni Mungu, niabuduni"? Sentensi hiyo haimo, na usijifanye imo. Kilichomo ni Yohana 8:58, Marko 14:61-64 ambapo kuhani mkuu anararua mavazi, na Yohana 20:28 ambapo Tomaso anamwita Bwana wangu na Mungu wangu, asikemewe.

Si Nikea ndiyo iliyomfanya Mungu? Waraka kwa Wafilipi, ambao katika 2:6 unasema Yesu alikuwa na namna ya Mungu, ni wa karne ya 1. Tena karibu mwaka 112 Plinio, liwali wa Kirumi huko Bithinia, mkoa wenye mji huohuo wa Nikea, alimwandikia Kaisari Trajano kwamba Wakristo hukusanyika alfajiri na kumwimbia Kristo kama kwa mungu. Nikea haikuanzisha ibada hiyo. Ilipinga maelezo ya Ario, padri aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa.

Swali usilolijua, liandike na umwambie siku utakayoleta jibu. Kubuni jibu kunagunduliwa kwa simu ndani ya dakika mbili.

## Hatua ya 7: Mpe yeye aeleze

Mgeuzie karatasi na umwombe akueleze kama anavyomweleza mtu mwingine. Maelezo sahihi yana mambo matatu: Mungu ni mmoja na Neno lake ni la milele, Neno huyo alitwaa ubinadamu kamili kwa Mariamu bila kubadilika, Yesu ni mmoja, Mungu kweli na mtu kweli.

Akisema, "Nimekuelewa, ila siamini," kazi imekamilika. Kunywa chai uliyokaribishwa. Kosa la mwisho ni kuongeza hoja moja zaidi ukiwa mlangoni umeshavaa viatu.

## Msikilizaji akiwa Mhindu

Kwanza usichanganye: Mhindi anaweza kuwa Mwislamu, Singasinga, Mjaini au Mkatoliki wa Goa. Uliza dini yake, na neno "Baniani" liache.

Tatizo la Mhindu ni kinyume cha lile la Mwislamu. Hatakukatalia. Wafuasi wa Vishnu wanajua habari za avatara, yaani mungu kushuka duniani kwa umbo fulani, na kitabu chao cha Bhagavad Gita 4:7-8 kinasema Mungu hujidhihirisha kila haki inapodidimia. Atakubali mara moja, na Yesu ataingia kwenye rafu pamoja na wengine.

Kwa hiyo ruka hatua ya 2, na ukae kwenye tofauti mbili. Ya kwanza: ni mara moja tu, mahali na wakati unaojulikana, chini ya Pontio Pilato. Ya pili ndiyo inayoshangaza zaidi, na ipime kwa kuuliza: "Ule mwili uko wapi sasa?" Avatara akimaliza kazi huliacha umbo lake. Fungua Luka 24:39-43: Yesu aliyefufuka anawaambia wanafunzi wamshike-shike, kwa kuwa roho haina mwili na mifupa, kisha anaomba chakula, wanampa kipande cha samaki wa kuokwa, anakula mbele yao. Akikuuliza, "Yaani mpaka leo bado ni mtu?" mjibu ndiyo, mpaka leo.